Kipande cha Ndoo Nyuma ya Kioo

Msusi huyu alikuwa na kidole kimoja na kazi mbili, na hapo ndipo maneno yalipoanzia. Mchana alisuka watu nywele katika saluni yake ya viti viwili. Jioni za mazoezi, na kila Jumamosi yenye harusi, alipiga gitaa la besi katika bendi ya shemeji yake. Kazi zote mbili zilikitegemea kidole kilekile, cha shahada cha mkono wa kulia. Kidole kikavumilia miaka, mwishowe kikachoka. Kikawa kikikunjwa hakikunjuki mpaka akivute kwa mkono wa pili, kisha kinafyatuka, tak! kwa maumivu ya kumtoa mtu machozi. Mteja mmoja aliusikia mlio huo karibu na sikio lake akaruka kitini, akidhani kitana kimevunjika kichwani mwake.

Tabibu alikibonyeza, akakigeuza, akatikisa kichwa.

"Mama, mshika mbili moja humponyoka. Kidole hiki hakiwezi kusuka kutwa nzima halafu kikavute nyuzi za gitaa. Ukikilazimisha, kitakwama moja kwa moja. Chagua."

Chagua! Wenye kalamu mkononi hulitamka neno hilo kana kwamba wanakuuliza chai au kahawa. Kusuka ndiko kulikolisha nyumba na kupeleka watoto watatu shule, kwa hiyo hapakuwa na la kuchagua. Lakini besi ndiyo iliyokuwa yake mwenyewe. Saluni alikuwa mtumishi wa vichwa vya watu: huyu anataka nyembamba, yule anataka ziishe kabla ya adhuhuri, mwingine analia kabla hajaguswa. Kwenye bendi, akiwa amesimama nyuma kabisa pembeni ya ngoma, ukumbi mzima uliinua mguu yeye akitaka na kuukanyaga chini yeye akitaka, na wengi wao hata hawakujua ni nani anayewaendesha. Hakuna aliyewahi kumpa kitu kitamu kuliko hicho.

Mapenzi hayo yalitoka kwa mjomba wake, mdogo wa mama yake. Mjomba ndiye aliyepiga besi katika wimbo mmoja wa zamani ambao mji mzima uliukariri. Besi ya wimbo ule haikunguruma tu kama besi nyingine. Ilitamka. Kila noti ilikuwa imekatwa safi, tu, tu, tuku-tu, na watu walizoea kusema, "Vile si vidole, ni nyundo." Mjomba alipohamishwa kikazi mji wa mbali, alimwachia mpwa wake gitaa likiwa ndani ya mfuko wake, bila somo hata moja. Msusi akajifundisha kwa kanda. Alirudisha nyuma, akasikiliza, akarudisha tena, mpaka kanda ikakatika. Noti alizipata zote. Mlio ndio uliokataa kuja. Akapiga kwa nguvu zaidi, akaota sugu. Akajaribu kwa kucha, ukucha ukang'oka. Akajifariji kwamba vidole vyake bado havijakomaa. Mtu mzima na akili zake, miaka yote hiyo anangoja vidole vikomae!

Alipompa shemeji yake habari za tabibu, shemeji alikuna kichwa kwanza.

"Shemeji, pole sana. Mimi sikufukuzi, na kaka yangu akisikia nimekufukuza nitahama mji. Lakini Jumamosi tuna harusi. Kile kinanda kipya kinapiga besi chenyewe, unabonyeza tu. Na nisikufiche, wenzetu wakishakizoea, nani atakubali tena kubeba spika yako ile nzito?"

Akaelewa. Akitoka Jumamosi moja, ametoka.

Bahati nzuri, au mbaya kama alivyoiona siku ile, mjomba alikuwa ameshastaafu na kurudi mjini wiki hiyohiyo. Msusi aliona heri amrudishie gitaa lake kuliko kulitazama likivaa vumbi ukutani. Alikuwa na mteja kitini, mwalimu mmoja mpole, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama. Akamwomba radhi, "Nakuja sasa hivi, mwalimu wangu, ni hapo nyuma tu." Alijua kwamba akingoja amalize, moyo utamrudi nyuma.

Alimkuta mjomba amekaa sakafuni katikati ya masanduku, akikaza skrubu za kitanda.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Mbona uso huo? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nimekuletea mali yako."

Akamweleza yote: kidole, tabibu, kinanda. Alipofika kwenye wimbo, akalisukuma gitaa mbele ya mjomba. "Mlio wako ule, mjomba. Ndio ulioniua kidole. Nimeutafuta mpaka nimekuwa kilema, na sijaupata."

Mjomba alikitazama kidole. Akalivuta gitaa, akafungua zipu, akaingiza mkono katika kijimfuko cha ndani na kupapasa.

"Na kile kidude changu kiko wapi?"

"Kidude gani?"

"Piki. Kijiplastiki chekundu cha pembe tatu, cha kupigia nyuzi. Nilikikata mwenyewe kwenye mfuniko wa ndoo."

"Mjomba. Ule wimbo ulipiga kwa piki?"

"Sasa ningepiga kwa nini?"

"Kwa vidole! Mji mzima unasema vidole!"

"Mji unasema. Mimi nilisema lini?" Akainua kiganja chake kipana kama sinia. "Mkono wenyewe huu, kidude chenyewe kile, nani angekiona? Wakaanza kusifu vidole. Mtu akikusifia, wewe unamkatiza?"

Hasira ilimpanda msusi. Alijikumbuka enzi za ubinti wake, akilala na kidole ndani ya maji ya chumvi. Alikumbuka ukucha. Akafungua mdomo amwambie mjomba neno ambalo mpwa hamwambii mjomba, na badala yake kikatoka kicheko. Akacheka mpaka akajishika ubavu, mjomba naye akacheka, skrubu zikamwagika.

"Basi kiko wapi?" mjomba akauliza akijifuta macho.

"Nyuma ya kioo cha saluni! Kioo kilikuwa kinatikisika kila gari zito likipita, nikakichomeka pale. Nilidhani ni takataka."

Walirudi saluni wote wawili, gitaa begani. Msusi hakumsalimu hata mteja. Alipitisha mkono nyuma ya kioo akakichomoa kile kidude, kioo kikainama, na mwalimu akakidaka kwa mikono miwili, nusu kichwa kimesimama kama cha mtu aliyetishwa.

"Na nywele zangu?" akauliza.

"Zinakuja, mwalimu wangu. Nishikie hapo kidogo."

Kidude kilikuwa kizima, kimechakaa pembe moja tu. Msusi akakaa kwenye kiti cha pili, akalipakata gitaa, akakibana kile kidude kwa ncha za vidole, akapiga. Kikaponyoka, kikaanguka chini ya kiti. Akakiokota, akakibana kwa nguvu zaidi. Safari hii kidole kikakwama, tak! na maumivu yakampanda mpaka kwenye kiwiko.

Kicheko chote kikamkauka. "Si unaona? Ni yaleyale. Mwambie shemeji atoe kinanda chake."

"Ni kwa sababu unakikaba," mjomba akasema. "Kimekukosea nini? Hebu toa ufunguo wa nyumba yako. Ushike kama unataka kufungua mlango."

Akautoa mfukoni, akaushika.

"Usisogeze mkono. Tazama. Dole gumba limelala juu. Cha shahada kimejikunja chini yake, na ufunguo umelala ubavuni mwake, si nchani. Vingine vimejilegeza. Umekaza?"

"Hapana."

"Kwa nini hukukaza?"

"Nikaze ya nini? Mlango si wangu?"

"Ehee! Anayekaza ni mwizi. Sasa weka piki hapohapo. Iache ichungulie kidogo tu, kama punje ya harage. Kidole kisifanye kazi yoyote, kazi ni ya kifundo cha mkono. Na ukingo wa kiganja uutue kwenye mwisho wa nyuzi, kule zinakofungwa, ili noti isivume kupita kiasi."

Akafanya hivyo. Kidole kilikuwa kimejikunja, kimetulia, kimebeba tu. Akatikisa kifundo. Tu.

Akakitazama kidole. Hakikukwama. Akapiga tena. Tu, tu. Gitaa halikuwa na spika, sauti yake ilikuwa ndogo na kavu, lakini katika chumba kile kidogo ilisikika sawasawa. Tuku-tu.

"Jamani," akasema mwalimu akiwa bado amekumbatia kioo, "huo si ule wimbo?"

Msusi alilia, machozi ya mtu aliyetuliwa mzigo aliodhani ni sehemu ya mgongo wake. Mjomba akatazama pembeni, akaanza kukunja kipande cha boksi ili akichomeke nyuma ya kioo.

Msidhani mambo yalinyooka papo hapo. Alhamisi, kwenye mazoezi, piki ilimponyoka ikaingia kwenye kola ya mwimbaji, mwimbaji akakatisha beti na kuvua shati. Alipojisahau akakaza, kidole kilimkumbusha. Akilegeza, kilitulia. Tabibu, alipooneshwa, alisema kusuka kwa kupumzikapumzika na kushika namna hiyo havina ubaya, ilimradi asivute nyuzi tena kwa kidole. Na Ijumaa shemeji alikirudisha kinanda kwenye boksi lake mwenyewe, bila kuulizwa, akiguna, "Spika yako nitaibeba mimi. Mungu anisaidie mgongo."

Jumamosi walipiga tangu watu walipoanza kula mpaka jua lilipoanza kushuka madirishani. Mjomba alikaa meza ya mbele. Siku zote harusi ikiisha msusi alirudi nyumbani kidole kimejipinda kama ndoano, na asubuhi mtoto ndiye aliyemfungia vifungo. Safari hii alikuwa anazungusha mwenyewe waya wa spika pale mzee mmoja, babu wa bwana harusi, alipopanda jukwaani polepole kuja kumpa mkono.

"Binti, vidole hivyo!" mzee akasema. "Tangu ule wimbo wa mjomba wako sijasikia vidole kama hivyo. Kweli damu haipotei."

Msusi alitupa jicho meza ya mbele. Mjomba alikuwa ghafla amevutiwa mno na dari. Msusi akaisukuma piki kwenye kiganja cha kushoto, akakifumba.

"Ahsante, mzee," akasema, akampa mkono wa kulia. Kidole cha shahada kikakunjuka chenyewe, taratibu, pamoja na wenzake, na hapakuwa na mlio wowote.