Mnyororo Uliokuwa Ukiruka

Harufu ya grisi ya baiskeli bado hunirudisha mlangoni kwetu.

Asubuhi ile, nyumbani Mabatini, mdogo wangu alikuwa anachemka kwa homa. Mama alimfunga mgongoni, akapanda baiskeli yake ya gia, ya aina ile ya mtumba iliyokuwa imeanza kujaa mjini, ili amwahishe zahanati. Kila alipokanyaga pedali, mnyororo uliruka, naye akayumba.

Alishuka, akaupaka grisi. Ukaruka tena.

"Labda umelegea," alisema, akiubonyeza kwa vidole.

Mtoto alikuwa ameacha kulia, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Mama, jana niliiangusha kwenye mawe."

"Kwa upande gani?"

"Wa mnyororo."

Alichuchumaa nyuma ya gurudumu. Kile chuma kinachoongoza mnyororo kwenye gia kilikuwa kimepinda kwa ndani, karibu kugusa spoku za gurudumu. Alikishika kwa mikono miwili, akakivuta taratibu mpaka kikanyooka, akazungusha pedali. Mnyororo ukatulia. Akaondoka bila kunitazama.

Nilikaa mlangoni mpaka jua likageuka. Waliporudi, mtoto alikuwa amelala, jasho limemtoka, homa imeshuka. Mama aliegemeza baiskeli ukutani, akafungua kanga.

"Mshike vizuri," alisema, akaniwekea mtoto mikononi.