Kipimo cha Tajiri

Shemeji yangu Pantaleo alikuwa kuli wa marobota ya mitumba Kariakoo. Korona ilipopamba moto, tajiri wake akajitungia kipimo: kila asubuhi makuli wabane pumzi mlangoni mwa stoo, na atakayekohoa hana kibarua. Pantaleo alikulia Lindi akizamia pweza, basi alifaulu kila siku, hata siku za homa.

Dada yangu Selina, mkewe, alimsihi aende hospitali. Akajibu, "Mama Beno, mapafu yangu mazima. Tajiri mwenyewe shahidi."

Alianguka kwenye ngazi za stoo, robota mgongoni, akafa kabla wenzake hawajapata bajaji.

Msibani tajiri akasema, bila haya, marehemu aliwashinda wote kwa pumzi. Ni kweli. Kuibana hakukumshinda kamwe. Kuivuta ndiko kulikomshinda.