Jengo Alilolinyoosha Bwana Wima

Nyumbani kwao walimwita Bwana Wima. Jina hilo alibandikwa na mkewe, enzi za uhai wake, kwa kuwa mtu yule hakuweza kuingia sebuleni kwa watu akaacha fremu imekaa upande ukutani. "Wima, kaa chini, tumekuja kutoa pole," mkewe alimnong'oneza siku moja msibani. Akakaa, lakini jicho likabaki ukutani.

Kazi yake ilikuwa kupiga picha majengo. Ukiinua kamera kulitazama ghorofa, kuta zake hulalia nyuma pichani kama mtu anayepiga miayo. Yeye alizinyoosha kwenye kompyuta, akakata vya pembeni visivyohusika, na mwenye jengo akaondoka ameridhika. Picha nyingine, za kamba za nguo, za ngazi zilizolika katikati, za wazee waliokaa barazani na karata zao, alizipiga kwa mapenzi yake tu, akarudi nazo nyumbani kumwonyesha mkewe. Mkewe alipofariki hakuacha kuzipiga, ila hakuwa na wa kumwonyesha. Aliona mwanga ukishuka ngazini, akajiambia kwamba ni mzuri, akabonyeza. Alikuwa kama mtu anayeuma ulimi uliotiwa ganzi: meno anayajua yapo, maumivu hayaji. Hata kulia hakulia, na watu wakasema. Mama yake akawajibu, "Mwanangu msimpimie machozi kwa kikombe."

Mteja wake mkubwa alikuwa kaka yake, mkandarasi. Kaka huyo alikuwa amejenga ghorofa la kupangisha na kuandika jina la ukoo ubavuni kwa herufi kubwa za saruji, kwa heshima ya marehemu baba yao. Kila mwaka Wima alilipiga picha jengo hilo akiwa kwenye kizingiti kilekile cha duka ng'ambo ya barabara, na picha ikatoka kwenye kalenda ya kampuni. Hakuna mpangaji aliyekosa kalenda ile.

Safari hii alipanda kwanza kwa Mama Pacha, mpangaji wa ghorofa ya kwanza, kumwomba aondoe godoro kwenye roshani.

"Godoro nitatoa," alisema Mama Pacha. "Lakini mwambie kaka yako mlango wangu wa chooni una jini. Naufunga, unafunguka wenyewe. Wageni wangu wanaimba humo ndani, ili watu wajue kuna mtu."

"Bawaba hizo."

"Bawaba nimebadilisha. Fundi kaondoka, jini kabaki."

Wima akacheka kwa mdomo, akashuka kufanya kazi yake.

Alasiri alikaa mbele ya kompyuta. Kawaida yake ilikuwa kuikata kwanza nyumba ya jirani iliyoingia pichani kando ya jengo, kisha kunyoosha. Siku hiyo alisahau kukata. Alipolisimamisha jengo la kaka yake, nyumba ya jirani ikalala. Aliposimamisha ya jirani, la kaka likaegemea. Akailaumu lenzi. Kisha akazitoa picha za miaka yote kama zilivyotoka kwenye kamera, akazipanga. Katika ya kwanza, anga kati ya majengo hayo mawili lilikuwa kama utepe, upana mmoja juu na chini. Katika zilizofuata, utepe ulibana juu, ukazidi kubana. Na kila mwaka, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa ameukata utepe ule na kulisimamisha jengo wima.

Alingoja hofu imshike. Haikuja. Akazichapa picha, akazitia kwenye bahasha.

Jumapili, kwa mama yao, alizipanga mezani kando ya sahani ya kaka.

"Hiyo lenzi," kaka alisema huku anatafuna.

"Lenzi ni ileile. Na ninaposimama ni palepale."

"Basi ya jirani ndiyo inayoanguka."

"Huenda. Ndiyo maana nataka aje mhandisi apime."

Kaka akasukuma sahani. "Mhandisi akija, mtaa mzima utajua kabla hajashuka garini. Mdogo wangu, wewe tangu msiba unatembea kama nyumba iliyokatiwa umeme. Leo ndiyo umeanza kuona?"

Wima alijua kwamba maneno hayo yalistahili kuuma. Akayaacha yapite. "Watoto wa Mama Pacha wanalala upande huo," alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma anwani.

Mama akavaa miwani, akazitazama picha moja moja. Kisha akamgeukia mkubwa.

"Baba yenu alikuachia nini?"

"Jina, mama."

"Ukaliandika ukutani. Likiwaangukia watoto wa watu, utaliokota kwa mkono gani?" Mama akavua miwani. "Kesho utamwita mhandisi. Ikiwa ni kweli, utabisha hodi mlango kwa mlango wewe mwenyewe, umevaa koti. Sitaki watu wetu waisikie habari hii kwa wapita njia. Na wewe, Wima, picha hizi ulikuwa unazinyoosha?"

"Ndiyo, mama."

"Basi utakwenda naye."

Mhandisi akapima. Msingi wa jengo la kaka ulikuwa umetitia upande mmoja, na watu walitakiwa kuhama. Kaka akabisha hodi, koti limefungwa vifungo vyote. Wengine walimtukana, mmoja akamfungia mlango usoni. Akasimama, akabisha tena.

Mama Pacha walimkuta anafunga vyombo. Glasi zake alikuwa akizizungushia kurasa za kalenda za zamani, na kila glasi ikalala ndani ya jengo lililosimama wima.

"Karatasi yako nzito, Bwana Wima, haivunji glasi." Akakunja nyingine. "Kumbe hakuwa jini."

"Hakuwa."

"Afadhali angekuwa jini. Tungemhamisha yeye."

Gari la mwisho lilipoondoka, kaka alikwenda kusimama chini ya zile herufi za saruji.

"Nipige," alisema. "Mimi, jengo, na nyumba ya jirani. Usinyooshe kitu."

Wima akavuka hadi kwenye kizingiti chake, akabonyeza. Akaitazama picha, na kwa mazoea akageuka kutafuta wa kumwonyesha. Pale kizingitini alikuwa peke yake. Akavuka tena barabara, akamshikisha kaka yake kamera.

Kaka aliitazama. "Hapa naona nimepinda mimi."

"Ni jengo," Wima alisema. "Wewe umesimama sawa."