Kamba ya Eddo Ramlo

Walichukua kamba ya Eddo Ramlo na hawajairudisha. Waliichukua mchana, ndani ya ukumbi, mbele ya watu arobaini waliokuwa wakipiga makofi. Wengine hapa mtaani wananiambia, "Nimo, kamba tu hiyo, nunua nyingine." Kwa hiyo nitaeleza ni kamba gani, na huyo mwanamke ni nani.

Eddo kwa Kisomali chetu ni shangazi; huyu ni dada wa baba yangu. Alizaliwa porini upande wa Buna, katika nyumba ya mikeka, nyumba zetu za zamani ambazo mwanamke huzijenga asubuhi na ngamia huzibeba ukihama. Mwanamke ndiye hupinda vijiti, na ndiye husokota kamba za kuvifunga, kwa gome la mti lililotafunwa mpaka likawa laini. Siku Eddo alipoolewa, mama yake alimpa kamba moja ndefu ambayo haikufunga kitu. Alimwambia, "Hii ni ya kufunga miaka."

Kila mvua ya gu ilipokwisha, ile mvua kubwa ya Aprili na Mei, Eddo alifunga fundo moja. Mvua ikiwa nzuri, fundo nono. Ikikosa, fundo jembamba kama mfupa wa ndege. Mwaka wa mafuriko alifunga fundo juu ya fundo. Akizaa, alichomoa uzi kwenye kitambaa cha kubebea mtoto na kuuingiza ndani ya fundo la mwaka huo. Nyuzi zilikuwa saba. Watoto wote saba wametangulia mbele ya haki. Wa mwisho, Alio, aliishi miaka mitatu, akafa katika ukame uliomaliza ngamia wao. Baada ya huyo, Eddo na mume wake walitembea kwa miguu mpaka Garissa, wakabaki hapa.

Mimi alinilea tangu nilipoachwa na mama yangu nikiwa na miaka minne. Hakunipeleka shule, kwa sababu mbuzi walikuwa wengi na mikono michache, na mimi simlaumu. Kiswahili nimekiokota sokoni kwa kuuza chai. Haya anaandika binti yangu Ikran, mimi nasema.

Miaka sita iliyopita macho ya Eddo yalizimika kabisa. Tangu hapo, kila alfajiri baada ya swala, alikuwa akiketi kwenye mkeka, kamba mapajani, na kuipitisha kwenye kidole gumba fundo kwa fundo. Nikiwasha jiko nilimsikia. "Huu mwaka wa viwavi. Huu tulichimba kisima. Huu ni Sahra wangu." Akifika kwa Alio, alilipapasa fundo mara mbili, halafu akaendelea. Baadaye alidai chai na kulalamika kwamba nimeibania sukari.

Mwaka jana, kabla ya gu, diwani wetu Abdimalik alikuja nyumbani. Kulikuwa na mafunzo ya siku tatu hapa mjini, ya madiwani na wakubwa wa ofisi, juu ya mabadiliko ya tabianchi. Mkufunzi kutoka Nairobi alitaka mzee mmoja anayekumbuka mvua za zamani.

"Ayeeyo atakuja," alisema diwani, akimwita bibi kwa heshima, "na wewe Nimo utafasiri. Mkufunzi hajui Kisomali."

Nilimweleza Eddo neno hilo la tabianchi kama nilivyoweza. Nilimwambia, wanasema tabia ya nchi imeharibika.

"Mtoto akiharibika tabia huulizwa mzazi," alisema. "Hawa wamemuuliza nani?"

Alikataa kwenda mikono mitupu. Alituma maziwa ya ngamia yatafutwe sokoni, akayafukiza mwenyewe kwenye chombo cha mti. Ukumbini aliniagiza niwamiminie wote, tangu mkufunzi hadi mlinzi wa mlangoni. Nataka msomaji akumbuke maziwa hayo. Kwetu, mtu akinywa maziwa yako, yeye ni mgeni wako, hata kama ukumbi ni wake.

Madiwani walikuwa wamechoka. Mmoja alisinzia na mwingine alitazama simu chini ya meza. Ukutani kulikuwa na picha ya mstari mwekundu unaopanda.

"Kuna nini huko wanakotazama?" Eddo aliniuliza.

"Mstari, Eddo. Unaonyesha joto la kila mwaka."

"Unaanzia lini?"

Niliuliza. Mkufunzi alisema miaka arobaini.

"Mtoto," alisema Eddo, akatoa kamba chini ya mtandio wake.

Aliisoma yote. Mafundo sitini na moja. Mimi nilisimama kando yake nikifasiri, na sikuona mtu anayesinzia tena. Aliwashikisha mwanzo wa kamba, ambapo kati ya fundo jembamba na jingine kulikuwa na mafundo manono manane, tisa. Halafu akawapeleka mkono huku mwisho, ambapo membamba yamekaribiana kama kunguni kwenye mshono wa godoro, matatu yakifuatana, kisha fundo juu ya fundo, mwaka ule mto Tana ulipoingia majumbani.

"Zamani ukame ulikuwa ukija kama shemeji," alisema. "Unakula, unaudhi, unaondoka, na wewe unapata muda wa kununua kondoo wengine. Sasa umehamia. Umetandika kabisa."

Ukumbi ulicheka. Abdimalik, ambaye hawezi kukaa kimya, aliuliza, "Ayeeyo, na mwaka wangu wa uchaguzi uko fundo gani?"

"Uchaguzi haulowanishi ardhi, mwanangu. Sikuufunga."

Walicheka mpaka mkufunzi akafuta machozi. Nilikuwa na furaha siku ile, sitaficha. Eddo wangu, ambaye watu humpita barabarani kama jiwe, alikaa kwenye kiti cha mbele na wakubwa wakamsikiliza.

Ndipo alipokuja Keinan, mkurugenzi wa ofisi ya tabianchi hapa mjini. Ni kijana wa kwetu, Msomali kama sisi, shati limepigwa pasi. Alipiga magoti mbele ya Eddo, akaishika kamba kwa mikono miwili na kusema, "Ayeeyo, kitu kizuri hivi sijawahi kukiona. Kila diwani angepaswa kukiona."

Eddo alimjibu, "Umeisifu. Basi chukua, ni yako."

Hapa ndipo jambo lote lilipo. Kwetu mgeni akisifu kitu chako, unamwambia chukua. Lazima useme. Na mgeni naye lazima aseme, "Imenifikia, Mungu akuzidishie," akirudishe mkononi mwako. Ukisema chukua hata kwa ngamia wako wa pekee, hulali na hofu, maana kila mtoto aliyelelewa anajua jibu.

Mkufunzi alinitazama akisubiri. Nikafasiri. "Anasema aichukue, ni yake."

Makofi yakaanza. Keinan alisimama, akainua kamba juu, wakapigwa picha. Eddo alikuwa bado ameketi, kiganja wazi, kimetazama juu, kinasubiri. Makofi yalikwisha na kiganja kilikuwa bado wazi. Mimi nilikifunga kwa mkono wangu, nikamwinua tukatoka.

Njiani hakuwa na wasiwasi. "Ameona haya mbele ya watu," alisema. "Ataileta nyumbani kabla ya magharibi. Ni mtoto wa watu."

Magharibi ile alivaa mtandio wake mzuri, akaketi mlangoni. Na iliyofuata. Na iliyofuata tena. Siku ya tano alivua mtandio na hakuutaja.

Mwezi wa pili baada ya hapo nilimkuta asubuhi vidole vinatembea juu ya paja tupu.

"Nimo, Alio alikuwa kabla ya viwavi au baada?"

"Baada, Eddo."

"Una hakika?"

Sikuwa na hakika. Sikuwahi kujifunza kamba ile, nilidhani itakuwapo siku zote. Alitikisa kichwa akasema, "Nimempoteza mara ya pili," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Nilitoka nje nikaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Nilimsokotea nyingine kwa nyuzi za gunia, nikafunga mafundo sitini na moja. Aliipapasa, akacheka, akanivuta kichwa na kunibusu. "Hii itamfaa mbuzi," alisema. Lakini aliiweka chini ya mto wake.

Nilikwenda ofisini na Ikran. Kamba ilikuwa kwenye sanduku la kioo karibu na mlango, imezungushwa kama nyoka aliyelala. Kulikuwa na karatasi chini yake. Ikran alinisomea: "Maarifa asilia ya wafugaji. Kutoka mafunzo ya madiwani." Jina la Eddo halikuwapo. Vumbi lilikuwapo, ndani ya kioo.

Keinan alitupokea vizuri, akaagiza chai.

"Abaayo, dada yangu, aliitoa mwenyewe," alisema. "Na wewe ndiye uliyefasiri. Imeshaandikwa kwenye daftari la mali ya ofisi. Kitu kikiandikwa hakitoki bila kikao."

"Wewe hukulelewa?" nilimuuliza. "Hukufundishwa kinachojibiwa?"

Aliinamisha macho. "Nilipelekwa bweni nina miaka sita. Wallahi, hayo sikufundishwa."

Nilimwamini. Uchungu wangu haukupungua, ila nilimwamini. Nikamwambia, "Basi yale mafunzo ya siku tatu yamebaki na siku moja, nayo ni leo. Sasa umejua. Fungua kioo."

Alisema atazungumza na diwani, na kikao kitaitwa. Abdimalik naye nilimfuata mpaka kwake. Alisimama mlangoni mkono kifuani, akaapa kwa jina la Mungu kwamba kamba itarudi kabla ya gu ijayo. Mafunzo mengine yamefanyika tangu hapo, nasikia, na kila mara wageni hupitishwa kwenye kioo kuonyeshwa. Diwani huwasimulia lile la uchaguzi haulowanishi ardhi, na wao hucheka.

Gu ya mwaka huu imekuja na imekwisha. Ilikuwa siku tisa tu. Eddo alizihesabu kwa kusikia bati. Siku ya mwisho aliniomba nimtafutie gome, nikalipata kwa mwanamke wa soko la mifugo, akalitafuna kwa meno matatu aliyobaki nayo mpaka likalainika. Sasa analishika asubuhi, uzi mmoja, halijui la kuungana nalo. Ukimuuliza analifanyia nini atakwambia, "Nasubiri mwenzake." Ikran huketi upande mmoja, mimi upande mwingine, na yeye hutuambia miaka anayoikumbuka. Juzi ilikuwa ishirini na nne. Sisi tunaishika kwa kichwa kama tunavyoweza.

Fundo la gu hii halijafungwa, na la mwaka jana pia. Keinan anadaiwa kamba, na kuileta mwenyewe, kwa mikono miwili, amwekee Eddo kwenye kiganja na kutamka lile jibu. Abdimalik anadaiwa kiapo, na Mungu aliyemtaja anajua. Na mimi nadaiwa maneno machache niliyoyameza siku ile nikifurahia kiti cha mbele: anasema uichukue, lakini kwetu haichukuliwi.