Kikao cha Ukoo Juu ya Muwasho Wangu

Siku ile sebuleni kwetu Mabatini tulikuwa watu watano: shangazi, dada wa marehemu baba, aliyekuja moja kwa moja kutoka kanisani Buhongwa, baba mdogo, aliyekalia kiti pekee chenye mgongo, mke wake, aliyekuja kusikiliza ili asije akasimuliwa nusunusu, mdogo wangu wa kike wa kidato cha nne, na mimi. Mezani, mahali ambapo familia nyingine huweka chai, palikuwa na boksi la dawa yangu ya fangasi wa ukeni.

Shangazi alilikuta chini ya godoro langu. Alikuwa anatafuta nini chini ya godoro langu, hakuna aliyemuuliza. Kwenye vikao vya ukoo wetu, maswali ni ya aliyeitisha kikao.

"Hii ni nini?"

"Dawa, shangazi."

"Ya nini?"

"Imeandikwa hapo."

"Kaka, unasikia majibu? Haya ndiyo anayomfundisha mtoto."

Baba mdogo alichukua boksi, akasoma taratibu, akafika pale palipoeleza dawa inaingizwa wapi. Akalirudisha mezani na kujifuta vidole kwenye suruali.

Muwasho ule ulikuwa umenizoea. Unakuja, unaondoka wiki mbili tatu, unarudi na nguvu mpya kama mtu aliyetoka likizo. Uchafu mweupe kama maziwa mgando, kuungua nikikojoa, na mwendo wa mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Kazi yangu ni kuparua na kuosha samaki mwaloni, mitumbwi inaposhusha. Kuanzia asubuhi sketi imelowa na mikono imejaa magamba, kwa hiyo hata kujikuna kwangu kulikuwa anasa.

Kwenye duka la dawa walianza kwa kuniambia nina UTI. Huku kwetu ukiwashwa una UTI, ukiumwa mgongo una UTI, ukikosa usingizi tunaanza kwanza na UTI. Nikameza vidonge, muwasho ukaongezeka. Baadaye wakanihamishia dawa ya fangasi, na nikawa mteja wa kudumu. Muuzaji alikuwa na sauti ya mnadani: "Dada wa fangasi, karibu!" Foleni nzima inageuka kunisalimia.

"Ugonjwa huu hauji wenyewe," shangazi aliendelea. "Unaletwa na wanaume."

"Mwanaume wa mwisho kuingia humu alikuja kuziba bati, shangazi. Na alibaki juu ya paa."

Mke wa baba mdogo alikohoa kikohozi chenye kicheko ndani.

Shangazi hakucheka. Alisema mdogo wangu ahamie kwake Buhongwa, akalelewe kwenye mazingira safi. Kwa bahati tu, binti yake alikuwa amejifungua mapacha, na msichana wa kazi alikuwa ameondoka juzi yake bila kuaga. Mazingira safi yalikuwa yanamsubiri mdogo wangu ndani ya beseni la nepi.

"Dada, na mtihani wangu?" mdogo wangu aliniuliza kwa sauti ndogo.

"Utasomea kwangu," shangazi akamjibu. "Kwani kwangu hakuna taa?"

Wazazi wetu walipofariki, ukoo ulitupa pole nyingi sana, za kututosha hadi leo. Mimi niliacha shule kidato cha pili ili huyu asiache. Nikasimama.

"Haendi. Kesho twende wote hospitali, shangazi, ukasikie kwa masikio yako. Wakisema nimeupata kwa wanaume, mchukue."

"Na wakisema sivyo?" mdogo wangu akadakia.

Baba mdogo, ambaye alikuwa na mpira wa kuwahi, alimaliza upesi: "Aliyemchafua mtu kwenye kikao anamsafisha kwenye kikao. Watu wale wale, na kuku juu kwa aliyechafuliwa. Ndivyo tunavyofanya siku zote. Tufunge kwa sala."

Hospitali tulipokewa na nesi mmoja mtu mzima. Akaniuliza kama huyu mama atoke.

"Abaki, sista. Yuko hapa kwa niaba ya ukoo."

Alinichukua vipimo, akanitoboa kidole kupima sukari, kisha akauliza ninajisafishaje. Nikamweleza: maji ya mwarobaini, limau na shabu.

"Shabu."

"Ndiyo."

"Na limau. Kwa nje?"

"Na ndani."

Akaweka kalamu chini. "Mwanangu, huko unatengeneza achari? Nani alikufundisha?"

Nikatazama dari. Palikuwa na mjusi. Shangazi naye, aliyetufundisha mchanganyiko ule tukiwa bado na nguo za msiba, akisema mwanamke hasafishwi na maji matupu, alimwona mjusi yule yule na kumpenda sana.

Majibu yalipotoka, sukari yangu ilikuwa sawa. Fangasi walikuwepo. "Hawa hawahitaji mwanaume," nesi alisema. "Wanaishi humo kwa amani yao. Wewe unawachokoza kwa malimau, unameza antibaiotiki bila kupimwa, halafu unashinda na nguo mbichi. Nimewatibu hata watawa." Akanipa dawa ya muda mrefu zaidi, akaniambia niimalize yote, nioshe kwa nje tu na maji, nibadilishe sketi nikimaliza kazi, na wakirudi nirudi kwake, siyo dukani.

Nikasimama. Shangazi hakusimama.

"Sista," alisema, "kuna jirani yangu mmoja. Mtu mzima, kama mimi. Naye anawashwa hivyo hivyo, miaka."

"Anakunywa maji sana? Anaamka mara kwa mara kukojoa?"

"Sana."

"Basi mwambie jirani yako alete kidole."

Shangazi akanyoosha kidole. Sukari ya jirani ilikuwa juu mno.

Tukatembea hadi stendi. Hapo akasema mtoto abaki kwangu amalize mtihani wake. Kisha akasema mambo ya jirani tuyaache huku huku.

Mdogo wangu alifanya mtihani wake akitokea nyumbani kwetu. Muwasho ulirudi mara moja tu, nikaenda kwa nesi, ukatulia. Kikao cha kunisafisha ndicho ambacho hakijaitishwa, maana shangazi atalazimika kueleza nesi alisema nini, na limau na shabu vilitoka kwa nani. Kwanza alisema mvua ziishe, sasa anasema sukari ishuke. Mke wa baba mdogo bado ananishika mkono nje ya kanisa na kuniuliza kwa huruma, "Ule ugonjwa wako vipi?"

Nikimpelekea shangazi samaki, namwamkia, naitikiwa marahaba, halafu tunakaa uani tukitazama kuku wake. Yule mweupe mwenye kishungi ni wangu. Bado anataga kwa shangazi.