Kanda ya Mwanzo ya Bi Zuleikha

Ubwa, fundi cherehani wa Amani, alikuwa na kabati zima la vitu vilivyotiwa saini na Bi Zuleikha, mwimbaji wa taarabu aliyempenda tangu ujanani: picha, kanga, hata upepeo. Asubuhi moja Bi Zuleikha mwenyewe akapiga hodi.

"Shikamoo, Bi," Ubwa alibabaika.

"Marahaba. Nasikia unayo kanda yangu ya mwanzo. Yangu nshaipoteza, na wajukuu hawajapata kuisikia sauti yangu ya usichana."

Ubwa aliitoa kabatini, akampa bila ya kusita. Bi Zuleikha akaigeuza-geuza, kisha akamrudishia pamoja na kalamu.

"Basi nitilie saini. Na mie nataka kumbukumbu yako."

Ubwa alicheka mpaka machozi yakamtoka, akaandika jina lake na la baba yake.