Faiba inawasha, Capitoline habanduki

Saa tatu asubuhi, Capitoline Ndayizeye anapiga msasa bati la pikapu katika gereji moja ya Kashaulili, Mpanda. Rangi inatoka, chuma kinang'aa. Pembeni imelazwa madigadi ya faiba, ile plastiki ngumu yenye nyuzi za kioo, ile ile aliyoibandika mwezi uliopita ikang'oka njiani kwenda Kakese.

Mwenye gari, mfanyabiashara wa mpunga Telesfori Kasalala, amesimama mikono kiunoni. Ni yeye aliyemtangaza sokoni kwamba gundi ya mwanamke haishiki. Tangu hapo wateja wamekata mguu, na mwenye gereji ameshamwambia: hili likiharibika tena, atafute pengine.

"Niliokota madigadi mtaroni watu wananicheka, nyie mngekaa kimya?" anauliza Telesfori. "Nimerudi tu kwa sababu wengine wanataka kuniuzia mpya."

Kosa lilikuwa mafuta ya mawese. Faiba ikikatwa, vumbi lake huwasha ngozi balaa. Capitoline, aliyekulia Katumba katika familia yenye asili ya Burundi, alifundishwa na mama yake kuwa kinachowasha dawa yake ni kujipaka mawese. Siku ile alijipaka, akakata faiba, kisha akashika chuma alichokwisha kukisafisha; mafuta yakabaki juu yake, gundi ikakosa kushika.

"Nilimlaumu muuza gundi wiki nzima," anasema. "Gari liliporudi, nikaona alama za vidole kwenye bati, rangi ya mawese kabisa. Vidole vyangu! Niliona aibu, nikalia."

Leo amekubali kuwashwa. Ameosha mikono kwa sabuni, amekwaruza faiba upande wa ndani, amefuta bati kwa thina ili kuondoa mafuta yote. Anapaka gundi, anabana kwa vibanio, halafu anajikuna bila kujali nani anamtazama. Chakula cha mchana kinapoa bila kuguswa.

Jioni Telesfori anaishika madigadi kwa mikono miwili na kuivuta, mguu kaukita kwenye tairi. Gari zima linatikisika. Madigadi haitoki.

"Haya dada, imeshika," anasema, kama aliyelazimishwa.

Capitoline anacheka kwa mara ya kwanza siku nzima. Anataka siku moja afungue gereji yake Ilembo, lakini mpango huo unaanza na wateja kurudi.

"Sokoni ulinisema kwa sauti, kaka," anamwambia. "Kesho nenda ukaseme tena. Sauti isipungue."